Taya, Machela na Ziwa: Majeraha ya Uso Katika Historia ya Fizi

Teritwari ya Fizi, iliyo kusini mwa mkoa wa Kivu Kusini nchini Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, imekaa kati ya Ziwa Tanganyika upande wa mashariki na milima inayopanda kuelekea Itombwe upande wa magharibi, na umbo hilo la nchi limeamua hatima ya majeruhi wake kuliko elimu yoyote ya udaktari iliyowahi kufika huko. Jambo hili linaonekana wazi zaidi katika majeraha ya uso, ambayo mara nyingi huwa mawili kwa pamoja: kuvunjika kwa mifupa, yaani taya la chini, taya la juu, mfupa wa shavu au mifupa ya pua, na kuharibika kwa tishu laini, zikiwemo ngozi, midomo, ulimi, tezi za mate na neva zinazoliwezesha jicho kufumba na mdomo kutabasamu. Aliyevunjika mguu anaweza kusubiri akiwa na maumivu yake, lakini aliyevunjika taya ana njia ya hewa katikati ya jeraha, na kusubiri kwake kuna masharti.

Waganga wa kuunga mifupa, ambao katika nchi za maziwa makuu walikuwepo kabla ya hospitali na bado wapo, huutegemea ubanzi, kwa maana ya kipande cha mti au mwanzi kinachofungwa sambamba na kiungo ili mfupa utulie. Uso hauna mahali pa kufungia ubanzi. Kilichowezekana ni kitambaa kupitishwa chini ya kidevu na kufungwa utosini, na kwa ufa mdogo wa taya, meno yakiwa bado yanakutana vizuri, kitambaa hicho kinatosha kwa muda. Lakini pale taya la chini linapovunjika pande zote mbili, kama inavyoweza kumpata mtu aliyeangukia kidevu kutoka juu ya mchikichi, kitambaa kilekile huweza kukisukuma kidevu nyuma pamoja na ulimi, na mgonjwa akakosa pumzi mikononi mwa wanaomsaidia.

Kati ya Wazungu wa kwanza kuyaandika maji ya Fizi, mmoja alikuwa na jeraha la namna hii usoni mwake. Richard Burton, aliyepita rasi ya Ubwari mwezi wa Aprili 1858 akielekea Uvira pamoja na John Hanning Speke, na kuidhani rasi hiyo kuwa kisiwa, alikuwa amechomwa mkuki Berbera, nchi ya Wasomali, mwaka 1855. Mkuki uliingia shavu moja ukatokea la pili, ukayang'oa meno na kumwachia kovu la maisha. Alipona kwa sababu Berbera iko pwani na chombo kilikuwa karibu cha kumvusha hadi Aden. Speke naye, mapema katika msafara huohuo wa ziwani, aliingiwa na mdudu sikioni, akajaribu kumtoa kwa kisu kidogo, na uvimbe uliofuata ukaenea usoni na kumharibia usikivu wa sikio hilo, jambo linaloonyesha kwamba jeraha dogo la tishu laini, likichokolewa kwa chombo kichafu, linaweza kumtesa mtu kuliko kovu kubwa la vita.

Elimu ya mifupa ya uso ilikua mbali na ziwa hili. Mwaka 1901, René Le Fort wa mji wa Lille, Ufaransa, alichapisha matokeo ya majaribio aliyoyafanya kwa kuvipiga vichwa vya maiti na kuchunguza nyufa zilizotokea, akaonyesha kwamba taya la juu huvunjika kwa kufuata mistari mitatu: wa chini unatenga meno na kaakaa, wa kati unapanda kuizunguka pua, na wa juu unautenga uso wote na fuvu. Kisha vita vya 1914 hadi 1918 vikaleta maelfu ya nyuso zilizopasuliwa na vipande vya makombora, na Harold Gillies, ambaye hospitali yake ya Sidcup, Uingereza, ilifunguliwa mwaka 1917, akaijenga upya fani nzima ya kuurudishia uso ngozi na umbo lake. Hata hivyo, somo lenye manufaa zaidi kwa nchi ya milima kama Fizi halikuwa la chumba cha upasuaji. Madaktari wa vita hivyo walitambua kwamba majeruhi wa taya waliolazwa chali kwenye machela walikuwa wakifa njiani, kwa kuwa ulimi uliopoteza egemeo lake la mbele uliangukia koo na damu ikafuata, ilhali waliokaa wameinama mbele, au waliolazwa kifudifudi, walifika wakiwa hai. Somo hilo halihitaji umeme wala dawa. Linahitaji tu kwamba wabeba machela walijue.

Hakuna dalili kwamba somo hilo lilikuwa miongoni mwa mambo yaliyohimizwa na tiba ya kikoloni, ambayo katika ufuo wa Tanganyika ilishughulishwa kwanza na malale. Utawala uliohesabu afya kwa idadi ya vichwa vya wafanyakazi uliona ugonjwa unaomaliza vijiji, na jeraha la mtu mmoja mmoja likabaki kuwa bahati yake, isipokuwa alipoishi karibu na misheni.

Mwaka 1965 miji ya Fizi na Baraka, huu wa pili ukiwa ufuoni mwa ziwa, ilikuwa ngome ya waasi waliojiita Simba. Ernesto Che Guevara, daktari kwa elimu yake, alivuka ziwa kutoka Kigoma, Tanzania, mwezi wa Aprili na kuondoka Novemba, akiwa na Wakuba waliopewa majina ya tarakimu za Kiswahili: yeye akiwa Tatu na daktari Rafael Zerquera akiwa Kumi. Katika kumbukumbu zake Che alilalamika kwamba baadhi ya waliofikishwa zahanati ya Kibamba na majeraha ya risasi hawakujeruhiwa vitani, bali kwa ulevi na uzembe wa kushika silaha. Mwishoni mwa Septemba mamluki wa serikali chini ya Mike Hoare walishuka Baraka kutoka ziwani, na njia ya matibabu ya waasi, ambayo ilikuwa mashua ya usiku kwenda Kigoma, ikawa ya hatari zaidi.

Vita vya miongo mitatu baadaye vilikata njia ya matibabu ya upande wa kaskazini pia. Tarehe 6 Oktoba 1996 hospitali ya Lemera, katika teritwari jirani ya Uvira, ilishambuliwa na wagonjwa wakauawa vitandani. Daktari wake mkuu, Denis Mukwege, aliokoka, na mwaka 1999 akaanzisha hospitali ya Panzi mjini Bukavu. Baraka yenyewe ilipata msaada mkubwa kuanzia 2003, shirika la Madaktari Wasio na Mipaka lilipoanza kazi huko, na Desemba 2020 shirika hilo likatangaza kusitisha sehemu kubwa ya shughuli zake Fizi baada ya wafanyakazi wake kushambuliwa. Majeruhi wa vita wa milimani wamewahi kubebwa kwa ndege za Msalaba Mwekundu hadi Bukavu. Aliyeanguka na pikipiki hana ndege, ana barabara ya takribani kilomita 90 kutoka Baraka kabla ya kuiona Uvira.

Uso, kwa bahati nzuri, huvumilia kucheleweshwa kuliko sehemu nyingi za mwili. Kwa sababu damu hufika usoni kwa wingi, jeraha lake likioshwa vizuri linaweza kushonwa hata baada ya siku nzima, wakati jeraha la vita la paja lenye umri huohuo huachwa wazi kwa siku kadhaa kwa hofu ya usaha. Na kwa sababu hiyohiyo daktari hukata nyama kidogo sana usoni, kwani kipande kinachoonekana kimekufa mara nyingi kinaishi. Mfupa hauna subira hiyo: baada ya wiki mbili au tatu huanza kushikana mahali pasipofaa, na meno hayakutani tena katika kutafuna. Vibati vidogo vya chuma vilivyoenezwa na Michelet na Champy huko Ufaransa katika miaka ya 1970 humwezesha mgonjwa kufungua kinywa mapema, lakini vinadai drili, picha za eksirei na mkono uliofundishwa, ndiyo maana katika hospitali zisizo na vitu hivyo waya wa kufungia meno ya juu na ya chini pamoja, ufundi wa karne ya kumi na tisa, haujastaafu. Mgonjwa hunywa uji na mchuzi kwa wiki nne hadi sita, na koleo la kukatia waya halipaswi kuwa mbali naye hata saa moja, kwa sababu akitapika huku meno yamefungwa anaweza kupaliwa hadi kufa. Anayerudi nyumbani Ubwari kwa mashua atalihitaji zaidi, kwani mawimbi ya Tanganyika hutapisha hata waliozaliwa ufuoni.