Dakika 42 Chini ya Ardhi

Mwanafunzi mpenzi, simama kwa fikra penye maporomoko ya Mto Chania, hapo Thika, uyatazame maji yaangukavyo. Sasa jiulize: kama ardhi ingalitobolewa chini ya miguu yako mpaka upande wa pili wa dunia, jiwe ulitumbukizalo lingeishia wapi?

Swali hili ni kongwe. Galileo wa Italia aliligusa katika kitabu chake cha mwaka 1632. Alisema kwamba kitu hicho kisingesimama katika kitovu cha dunia. Mwendo wake ungekipitisha hadi ng'ambo, kisha kingerudi, kikienda na kurudi kama pembea. Mwaka 1687 Newton wa Uingereza alithibitisha kwa hesabu kwamba, ndani ya tufe lenye uzito ulioenea sawasawa, mvuto hupungua kadiri unavyokaribia kitovu. Kwa kanuni hiyo, tukisahau hewa na mzunguko wa dunia, jiwe la Thika lingeibuka katika Bahari ya Pasifiki baada ya dakika 42.

Lakini ajabu kubwa i karibu nawe. Mwaka 1966 Paul Cooper aliwakumbusha wasomaji wa jarida moja la Marekani kwamba kila handaki lililonyooka, liwe refu au fupi, huchukua muda ule ule. Twaa Thika na Ruiru, zilizoachana kwa karibu kilomita 18. Tuchukulie kwamba nchi ni sawa, haina kilima wala bonde. Kwa kuwa uso wa dunia umepinda, handaki hilo lingekuwa mita 6 tu chini ya ardhi katikati ya njia. Gari lisilo na injini wala msuguano lingeteremka polepole mno, kisha lingepanda, na kufika Ruiru baada ya dakika zile zile 42! Sababu ni hii: mwenye safari ndefu huvutwa kwa nguvu, na mwenye safari fupi huvutwa kwa unyonge.

Shimo la Kola, nchini Urusi, lilifika mita 12,262 tu mwaka 1989, ilhali kitovu ki umbali wa kilomita 6,371. Hata hivyo hesabu haikukoma. Mitetemeko ya ardhi imetufunza kwamba kiini cha dunia ni kizito kuliko ganda lake; kwa elimu hiyo, mwaka 2015 Alexander Klotz alipata dakika 38 kwa handaki lipitalo kitovuni.

Basi, msomaji, usilicheke swali kwa kuwa halitendeki. Jembe lilipokwama, akili iliendelea kuchimba. Na kila aliyekuja nyuma alimsahihisha aliyemtangulia bila kumdharau. Zamu yako yaja.