Novela si Nouvelle

Mwanafunzi wa Uvira aliyesomeshwa kwa Kifaransa akikuta neno novela katika kitabu cha uhakiki kilichochapwa Nairobi au Dar es Salaam, atadhani analijua tayari. Sikioni mwake ni nouvelle, na nouvelle ya Kifaransa ni hadithi fupi. Hapo ameshapotea njia. Novela ya Kiswahili ni ndefu kuliko hadithi fupi na fupi kuliko riwaya: kisa kimoja kisicho na matawi mengi, wahusika wachache, kitabu cha kumaliza kwa siku moja au mbili. Maneno yote mawili yanarudi kwenye novella ya Kitaliano, yaani habari, jambo jipya. Kila lugha ikalipimia urefu wake. Hata neno letu hadithi, kwa Waarabu tulikoliazima, ni mazungumzo na pia ni kitu kipya.

Wapo wanaosema riwaya fupi. Linaeleweka, lakini silipendi, kwa sababu msomaji hudhani kuna kitu kimekatwa. Shamba la Wanyama, tafsiri ya Fortunatus Kawegere ya mwaka 1967, si riwaya iliyopunguzwa. George Orwell alikitaka kisa chake kiwe na urefu huo.

Ugumu unazidi pale novela inapokuwa ya wanyama wanaosema, tena walio katika mwendo wa hatari. Tuchukue mfano wa kubuni wa hapa kwetu Uvira. Kiboko mzee, fisi maji na korongo wanaondoka pale mto Ruzizi unapoingia ziwa Tanganyika, wanaupanda kwenda ziwa Kivu. Ziwa hilo liko juu kuliko la kwetu kwa karibu mita 700. Usiku wanapita kando ya miwa ya Kiliba, mchana wanajificha kwenye matete wakimkwepa mamba, na karibu na Bukavu wanakuta ukuta wa bwawa la umeme, kitu ambacho hakimo katika masimulizi ya babu zao.

Tuiiteje? Wengi watajibu hurafa, ngano ya wanyama wanaosimama mahali pa watu. Lakini katika hurafa fisi ni mlafi tangu mwanzo hadi mwisho, na ngano huisha mara funzo linapotoka. Katika novela, kiboko anaweza kuondoka mwoga, akafika Kamanyola yeye ndiye anayewaongoza wenzake. Njozi nayo haitoshi. Elisi katika Nchi ya Ajabu, iliyotoka kwa Kiswahili mwaka 1940, ni njozi kwelikweli, maana msichana yule mwishoni anaamka. Kiboko wetu hana pa kuamkia. Ulimwengu wake ni huohuo, na sheria zake zinambana kama zetu zinavyotubana. Ulimwengu wa namna hiyo ndio fantasia.

Linalonivutia zaidi limo katika sarufi. Kiswahili kimempa mnyama nusu ya utu kabla mwandishi hajashika kalamu. Tunasema kiboko amefika, si kimefika, ingawa neno linaanza na ki-. Kiboko cha kuchapia ndicho kinachovunjika. Mwandishi wa Kiingereza aweza kumtaja mnyama kwa kiwakilishi cha kitu, kisha siku mnyama anapofumbua kinywa akampandisha hadi kiwakilishi cha mtu. Mwandishi wa Kiswahili hana ngazi hiyo. Tashihisi yake, yaani kumvika utu asiye mtu, ataijenga kwa heshima na undugu: Mzee Kiboko, Dada Korongo, Ndugu Fisi Maji. Wakianza kuitana hivyo, msomaji anajua mto umeshavukwa.

Limebaki neno la kundi hili linalosafiri, yaani msafara. Safari ni mwendo. Msafara ni kundi zima, lenye kiongozi, mizigo na kazi zilizogawanywa. Wapelelezi Burton na Speke walipofika Uvira kwa mitumbwi mwaka 1858 wakiulizia kama Ruzizi inatoka ziwani au inaingia, ule ulikuwa msafara. Waliambiwa inaingia, na wapelelezi Livingstone na Stanley walikuja kujionea kwa macho mwaka 1871. Swali moja liliwabeba mbali, na kundi la wanyama wetu linahitaji swali la namna hiyo ili liitwe msafara.

Kwa hiyo naandika novela ya fantasia, na kisa chake ni msafara wa wanyama. Nawaomba walimu wa Uvira wayaandike maneno haya ubaoni kwa pamoja: nouvelle ni hadithi fupi, roman ni riwaya, na novela ni kitabu kilicho kati ya hizo mbili.