Basi Linakushusha Moshi, Kagari Kadogo Ndo Kanakufikisha Kwa Mama

Wastaafu wa Marekani wana staili moja ya kusafiri, ukiiona mara ya kwanza lazima ucheke. Mzee na mkewe wananunua gari kubwa kama basi la mkoani, ila ndani hakuna siti za abiria. Kuna kitanda, jiko, friji, choo na bafu. Nyumba yenye magurudumu kabisa. Halafu nyuma ya hilo dude wanafunga kagari kadogo, kanavutwa kwenye lami kama mbuzi anayepelekwa mnadani. Wengine wanavuta Smart, kale kagari ka watu wawili kalikoanza kuuzwa Ulaya mwaka 1998, urefu wake mita mbili na nusu tu.

Unajiuliza, mtu mwenye nyumba inayotembea anataka nini tena? Jibu ni rahisi. Lile dude ni la safari ndefu. Likishapaki, hulitoi kwenda kununua mkate. Linakunywa mafuta, halikati kona za mjini, na kulitafutia nafasi mbele ya duka ni vita. Kwa hiyo kubwa linakufikisha, kadogo kanakuzungusha.

Kabla hujasema hizo ni mbwembwe za Wazungu, angalia Moshi. Watu wa Kilimanjaro wameishi na hesabu hiyohiyo zaidi ya miaka mia moja. Tofauti ni kwamba huku kubwa na dogo havina mwenye mmoja, na havijafungwa pamoja kwa chuma.

Garimoshi liligota chini

Mji wa Moshi uko chini ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari. Geti la Marangu, wanapoanzia kutembea wapanda mlima, liko juu ya mita 1,800. Katikati hapo ndo kuna watu: Machame, Kibosho, Uru, Old Moshi, Kirua, Kilema, Marangu, Mwika, halafu unazunguka kwenda Rombo. Mitaa ya migombani imekaa kwenye migongo ya mlima, na kati ya mgongo na mgongo kuna korongo lenye mto. Wakati mwingine jirani unayemwona ng'ambo kwa macho, kumfikia kwa gari inabidi ushuke mpaka barabara kubwa, halafu upande tena.

Reli kutoka Tanga ilifika Moshi mwaka 1911, enzi za Mjerumani. Kwa wakati ule hakukuwa na chombo kikubwa kuliko hicho. Lakini garimoshi liligota pale chini. Halikupanda kwenda Kibosho wala Marangu. Lilipoendelea, lilikwenda Arusha, likafika mwaka 1929, likipita chini ya mlima.

Kwa hiyo tangu mwanzo swali la mtu wa mlimani halikuwa "nitafikaje Moshi." Lilikuwa "kutoka Moshi nitafikaje nyumbani." Na jibu la kwanza lilikuwa miguu.

Kahawa ilifuata njia hiyohiyo kinyumenyume. Chama kikuu cha ushirika, KNCU, kilianzishwa mwaka 1933, na kahawa ya mlima ikawa na jina duniani. Ila mzigo ulianza kidogokidogo. Familia inachuma, inamenya kwa mashine ya mkono, inaosha, inakausha, halafu gunia linabebwa kichwani mpaka chama cha msingi. Kutoka hapo ndo lori linapokea kuteremsha Moshi, na kutoka Moshi treni inapeleka bandarini. Lori na treni ndo vilipigwa picha. Kichwa cha mama kilichobeba kilomita za kwanza hakikuandikwa popote.

Nyumba 41 zinazong'aa

Hao Wamarekani na nyumba zao za magurudumu walishakuja Afrika zamani. Mwaka 1959 msafara wa nyumba 41 za kuvutwa, zile za Airstream za aluminiamu inayong'aa, ulianza safari Cape Town. Uliishia Cairo mwaka uliofuata, baada ya kupita Afrika Mashariki na Ethiopia. Fikiria watu wa kijijini wanaona msururu wa nyumba 41 za fedha zinapita kwenye vumbi!

Hao walikuwa wamegeuza mpangilio. Nyumba ndo inavutwa, gari la kawaida linavuta. Lakini akili ni moja. Ukifika kambini unaifungua nyumba, unaiacha imesimama, unachukua gari peke yake kwenda kuzurura. Barabara za wakati ule ziliwatesa, tope na mashimo, maana barabara mbovu haijali una pesa kiasi gani. Kadiri chombo kilivyo kirefu na kizito, ndivyo unavyohitaji watu wengi wa kukinasua.

Na miaka hiyohiyo kulikuwa na somo lingine likiendelea hapahapa. Mashindano ya magari ya Safari yalianza mwaka 1953, kusherehekea kutawazwa kwa Malkia wa Uingereza. Barabara zake zilikuwa za Kenya, Uganda na Tanganyika. Ungetegemea magari makubwa yenye nguvu yatawale. Lakini Volkswagen ya mgongo wa duara, injini yake haizidi cc 1200, ilishinda 1954, ikashinda 1957, ikashinda tena 1962.

Siri yake si uchawi. Injini imekaa nyuma, juu ya matairi yanayosukuma, kwa hiyo kwenye tope na kilima uzito uko palepale unapohitajika. Tena injini yenyewe inapozwa kwa upepo, haina rejeta ya kuchemka katikati ya kupanda. Hizo ndo sifa ambazo mlima unazitaka. Mlima hauulizi una farasi wangapi kwenye injini. Unauliza kama tairi linashika.

Miaka ya foleni

Halafu mafuta yakapanda. Bei ya dunia ililipuka 1973, ikalipuka tena 1979, na sisi hapo tumetoka vitani na Uganda ya Idi Amin, hazina imekauka. Waliokuwepo wanakumbuka foleni za petroli. Wanakumbuka pia Jumapili ambazo ikifika saa nane mchana gari binafsi haliruhusiwi barabarani. Ukienda kusalimia wazee baada ya ibada, unakula huku unaangalia saa.

Kipindi hicho ndo watu wengi walijua kwamba gari kubwa bila mafuta ni banda la kuku. Kuanzia mwaka 1984 serikali iliruhusu mwenye fedha zake za kigeni aagize bidhaa nje, na taratibu mlango ukafunguka. Magari yaliyotumika kutoka Japani yakaanza kumwagika. Hapo ndo historia ya vigari vya mlimani inapopamba moto.

Kirikuu kanaingia migombani

Wajapani walishakuwa na daraja maalumu la vigari vidogo tangu mwaka 1949, kwa ajili ya nchi iliyotoka vitani haina pesa wala nafasi. Sheria yao inapima mpaka sentimita. Tangu 1998 kigari cha daraja hilo hakitakiwi kuzidi urefu wa mita 3.40, upana mita 1.48, na injini cc 660. Suzuki Carry, iliyozaliwa mwaka 1961, ni mtoto wa daraja hilo. Huku kwetu tunaiita Kirikuu, jina linalokukumbusha yule mtoto mdogo wa filamu ya katuni ya 1998, Kirikou, aliyekuwa mfupi kuliko wote kijijini ila ndo aliyekikomboa kijiji.

Sasa angalia kilichotokea. Kigari kilichochorwa ili kipite kwenye vichochoro vya Japani kimekuja kufaa kati ya migomba ya Wachagga. Mlimani mpaka wa shamba ni masale, yale majani yaliyopangwa kama ukuta, na kati ya masale na masale njia ni nyembamba. Kirikuu kanapita. Kanateremsha mikungu ya mshare kwenda sokoni, kanapandisha saruji, kanabeba majani ya ng'ombe, kanapeleka viti kwenye msiba na spika kwenye kipaimara. Siku moja hiyohiyo!

Baadaye zikaja Vitz (1999), IST (2002) na Passo (2004). Watu waliziita majina yote ya dharau. Mara baby walker, mara gari la dada wa ofisini. Leo hesabu mwenyewe zilizopaki nje ya kanisa lolote la mlimani Jumapili.

Tusidanganyane lakini. Ka-IST kana mipaka. Masika ikichanganya, udongo ule ukilowa unateleza kama sabuni, na kagari kanagusa chini. Hapo unaacha barabarani unamalizia kwa bodaboda, au kwa miguu kama babu yako. Kila kikubwa kina kidogo chake, na hata kidogo nacho kina kidogo chake.

Hesabu ya Desemba

Tuje kwenye mchezo wenyewe. Kila Desemba Wachagga wanarudi kuhesabiwa, kama utani unavyosema. Dar mpaka Moshi ni kama kilomita 560. Tuseme petroli ni shilingi 3,000 kwa lita, bei ambayo pampu za Dar zilishaivuka mwaka 2022, na ambayo EWURA wanatutangazia mpya kila Jumatano ya kwanza ya mwezi.

Shangingi likienda kilomita 6 kwa lita, safari moja ni lita 93 hivi, yaani kama shilingi 280,000. IST ikienda kilomita 15 kwa lita, ni lita 37 hivi, kama 112,000. Umeona tofauti? Lakini usikimbilie kusema kadogo kameshinda. Chukua basi la watu 50, tuseme linakwenda kilomita 3 kwa lita. Linachoma mafuta ya kama 560,000, ukigawa kwa kila kichwa ni 11,200. Kwa lami ndefu, basi lililojaa linawapiga wote. Treni je? Ile ya abiria ilirudi Moshi Desemba 2019, baada ya zaidi ya miaka 20 ya ukimya.

Mchezo unageuka ukishafika. Leo ibada, kesho msiba Uru, keshokutwa posa Mwika, mbuzi anafuatwa sokoni, shangazi anapelekwa kliniki. Kilomita 20 kwa siku, siku kumi, ni kilomita 200 za kupanda na kushuka. Hapo shangingi linaweza kula lita 40. Kagari kadogo, hata ukikapunguzia kwa sababu ya vilima, hakafiki 20.

Yaani mpango wa wale wastaafu wa Marekani ndo mpango sahihi wa Moshi: kikubwa kilichojaa kwa barabara kuu, kidogo kwa nyumbani. Yule anayelipwa kukaa na hasara ni anayeendesha dude moja, peke yake, kwa kazi zote mbili.

Kihamba kimepungua

Kuna jambo lingine watu hawalisemi. Kihamba kinarithiwa na kugawanywa. Babu alikuwa na eneo, baba akapata kipande, mtoto akapata kipande cha kipande. Nyumba zimeongezeka, migomba imebaki katikati, na ua wa kugeuzia gari haupo. Mtu anakuja na gari la mita tano, anaingia kwa kichwa, halafu kutoka ni ukoo mzima kusimama nyuma wanapiga makofi: njoo, njoo, njoo, simama! Ardhi ikipungua, gari nalo linatakiwa lipungue.

Na hapa ndo penye uzito. Tunajua wapo wanaokopa au kukodi gari kubwa kila Desemba ili waonekane wamefanikiwa. Wiki mbili kijiji kinang'aa. Januari magari yote yanashuka, na juu wanabaki wazee. Sasa ikifika Aprili, mvua imeshika, saa sita usiku, mama presha imepanda na hospitali iko chini. Lile shangingi liko Dar. Basi haliji mpaka asubuhi. Anayekuja ni kijana wa jirani mwenye Kirikuu au ka-Passo kachakavu, ambako Desemba ulikapita kwa honi.

Huyo kijana jina lake haliandikwi popote, kama yule mama wa gunia la kahawa. Lakini tangu garimoshi ligote pale Moshi mwaka 1911, watu kama yeye ndo wamekuwa wakimalizia safari. Kama familia ina pesa ya kukodi gari la maonyesho miaka mitatu mfululizo, ikae chini ijiulize: hiyo pesa isingetosha kuchangia kagari kamoja kadogo kakae mlimani mwaka mzima, na dereva anayejulikana, na mafuta kidogo kwenye tangi?

Wadau wa Machame, Kibosho, Marangu, Rombo na kwingineko: kwenu gari la kwanza kufika mpaka mlangoni lilikuwa lipi? Na leo usiku mama akiumwa, nani anakuja?