Mwamba wa Juu Unapopotosha Habari za Chini

Mwaka 2013 wakuu wa nishati mjini Kigali walikuwa wakingoja habari kutoka mteremko wa kusini wa Karisimbi, volkano yenye kimo cha mita 4,507. Kisima cha kwanza cha jotoardhi nchini Rwanda kilikuwa kinachimbwa huko. Kilipita mita 3,000. Mvuke haukupatikana.

Kabla ya kuchimba, watu walikuwa wamepima: Wafaransa, Wajerumani, kisha kampuni ya KenGen ya Kenya. Mojawapo ya njia walizotegemea ni magnetoteluriki, iliyoasisiwa na Andrei Tikhonov wa Urusi mwaka 1950 na Louis Cagniard wa Ufaransa mwaka 1953. Haihitaji baruti. Vyombo husikiliza mawimbi ya sumaku-umeme yaletwayo na radi za mbali na upepo wa jua, na kutokana nayo hukadiriwa ukinzani wa miamba iliyo chini. Mtafiti hutafuta udongo wa mfinyanzi uliozaliwa na joto, kwa kuwa hupitisha umeme vizuri.

Taabu huanzia miguuni pake. Lava kavu ikipakana na udongo uliolowa, chaji hujikusanya mpakani na kuupinda uga wa umeme wa mahali hapo. Grafu nzima ya ukinzani hupanda au kushuka huku umbo lake likibaki vilevile, hata jicho lililozoea lisishuku kitu. Ukinzani ukikuzwa mara 4, tabaka lililo mita 500 husomeka kama liko mita 1,000.

Mwaka 1989 Groom na Bailey walionyesha jinsi ya kuutenga upotoshaji huo kwa hesabu. Mwaka 2004 Caldwell, Bibby na Brown wa New Zealand walikuja na njia ya awamu ya mawimbi, isiyoguswa na upotoshaji. Ni kazi kubwa, lakini hakuna kati ya hizo inayorudisha grafu kwenye kimo chake halisi. Kwa hilo, wapimaji wa Afrika Mashariki hutandaza waya chini kwa umbo la mraba, hukata umeme ghafla, na kupima uga wa sumaku unavyofifia. Sumaku haidanganywi kirahisi na udongo wa juu.

Sidai kwamba kosa hili ndilo lililoinyima Karisimbi mvuke. Ninachoomba ni kwamba vipimo ghafi vya miaka ile vitunzwe Kigali, na vifunguliwe kwa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Rwanda wavisome upya.