Mwaka Ulioanza kwa Mbegu

Wengi wetu tukisikia mwaka mpya hufikiri tarehe 1 Januari. Lakini watu wa kale waliuhesabu mwaka kwa kazi iliyowalisha. Sisi wa pwani tunayo Nairuzi, hesabu ya mabaharia, na Makunduchi hadi leo huoga mwaka mwezi wa Julai.

Tutazame na bara. Bugufi, ambayo sasa imo wilayani Ngara, ilikuwa sehemu ya ufalme wa Burundi kabla Waingereza hawajaitia Tanganyika. Katika ufalme huo mwaka ulifunguliwa kwa sikukuu ya Umuganuro, karibu na mwezi wa Disemba. Mwami, yaani mfalme, alionja chakula cha mtama, ngoma kuu iitwayo Karyenda ikalia, ndipo raia wakapanda mtama wao. Sherehe ilikuwa mlango wa kuingilia shambani.

Sikukuu hiyo ilikoma mwaka 1929, chini ya utawala wa Wabelgiji. Wajapani nao walihamishia mwaka wao 1 Januari mnamo 1873, ila waliamua wenyewe, na vitumbua vyao vya mchele, mochi, hawakuviacha.

Hapa pana funzo. Sisi Waislamu mwaka wetu huingia kwa Muharram, na baraka ya mavuno twaiomba kwa Mola, si kwa mfalme wala kwa ngoma. Hata hivyo wazee wale walijua kwamba mwaka haupokewi mikono mitupu. Basi, ndugu msomaji, wewe umeuandalia mbegu gani?