Kiharusi kwa vijana: chanzo chake ni nini?

Kijana wa miaka 30 anaamka asubuhi, mkono hauinuki, mdomo umepinda na maneno hayatoki. Kwa kuwa kiharusi tumezoea kukiita ugonjwa wa wazee, nyumbani wanasema amekumbwa na upepo mbaya au amerogwa. Anafikishwa hospitali siku ya tatu. Msikilizaji wetu, kiharusi huwapata vijana pia, na kina sababu zinazojulikana.

Kinatokeaje?

Mshipa wa damu wa ubongo huziba kwa bonge la damu, au hupasuka na damu ikavuja. Sehemu ya ubongo iliyokosa damu huanza kufa ndani ya dakika chache.

Nani yuko hatarini?

Mwenye presha ya juu. Hii ndiyo sababu kuu ya kiharusi duniani, na vijana hawajasalimika. Wengi wenye presha hawasikii maumivu yoyote. Kipimo cha 140/90 au zaidi, kikijirudia siku tofauti, ni presha ya juu.

Mwenye ugonjwa wa moyo. Mtoto anayeumwa koo bila kutibiwa anaweza kupata homa ya rumatiki, ambayo huharibu vali za moyo. Miaka mingi baadaye, damu huweza kuganda ndani ya moyo na bonge likaenda kichwani.

Mwenye selimundu. Kwa ugonjwa huu, kiharusi huweza kuwapata hata watoto wadogo.

Mjamzito na aliyejifungua karibuni, hasa presha yake ikipanda. Maumivu makali ya kichwa au macho kuona ukungu si ya kuvumilia nyumbani.

Mwenye kisukari, au mwenye VVU asiyetumia dawa.

Anayevuta sigara, anayekunywa pombe nyingi au anayetumia dawa za kulevya.

Aliyeumia shingo, kwa mfano kwenye ajali ya bodaboda. Mshipa wa shingo ukichanika kwa ndani, damu huweza kuganda hapo.

Dalili zikitokea

Mwambie atabasamu: je, mdomo umekwenda upande? Ainue mikono yote miwili: je, mmoja unashuka? Aseme sentensi fupi: je, maneno yanakwama? Ukiona hata dalili moja, tazama saa, kisha mpelekeni hospitali mara moja. Dawa ya kuyeyusha bonge, pale inapopatikana, hutolewa ndani ya saa nne na nusu tu tangu dalili zianze. Hata ikikosekana, kuwahi huokoa maisha.

Msimpe chakula, maji wala kidonge chochote, hata aspirini. Anaweza kupaliwa, na kama mshipa umepasuka, aspirini huzidisha kuvuja. Dalili zikiisha zenyewe, bado mpelekeni, kwani kiharusi kikubwa huweza kufuata.

Kupima presha huchukua dakika chache. Safari ijayo ukifika zahanati, hata kama umempeleka mtoto kliniki, omba nawe upimwe.