Mrijatete, si Utumbo wa Mbele

Waliotuletea "utumbo wa mbele", "utumbo wa kati" na "utumbo wa nyuma" kwa sehemu tatu za njia ya chakula ya kiinitete walihesabu vizuri na kutaja vibaya. Neno la Kiingereza walilolikodolea macho, gut, hubeba njia nzima, toka kooni hadi mkunduni. Utumbo wetu haubebi mzigo huo. Mzizi wake ni ule ule wa tumbo, lakini kiambishi u- ndicho kilichoubana: ni u- ya uzi, ulimi, unywele na ufito, u- ya vitu virefu vyembamba. Mswahili akisikia utumbo huona kile kilichojiviringa chini ya kitovu, na akisikia matumbo huona hata sufuria. Sasa tuutazame huo "utumbo wa mbele": humo hutoka umio, tumbo lenyewe, ini na kongosho, na katika wiki ya 4 huchipua mapafu. Kumbe binadamu hupumua kwa chipukizi la utumbo! Tena mbele ya nini? Kwa mnyama wa miguu 4, mbele ni kichwani. Kwa mtu aliyesimama, mbele ni kitovuni na nyuma ni mgongoni, ukiacha ile nyuma nyingine ambayo waliotuletea majina haya waliipatia kwa bahati.

Napendekeza mrijatete. Mrija hausemi zaidi ya umbo. Tete ni kilichoanza kuumbika na hakijakomaa, kama punje changa, na ndilo lililotupa kiinitete bila mtu kunung'unika. Kwamba tete ni pia mmea wa mtoni wenye uwazi ndani, hiyo naihesabu faida. Wapo wanaodai mrija unanuka siasa, tangu Azimio la Arusha la 1967 na mirija yake ya unyonyaji. Basi na kupe tumfutie jina. Hoja nzito ni kwamba sehemu ya kati kweli huwa utumbo: wiki ya 6 hutokeza ndani ya kiungamwana, na ifikapo wiki ya 10 hurudi, ikikamilisha mzunguko wa nyuzi 270. Nakubali. Lakini jina la jumla lazima litoshe sehemu zote 3, na hili la utumbo haliliingii ini.

Kimatumizi: mrijatete wa juu, wa kati, wa chini, mwili ukichukuliwa umesimama. Wahariri wanaochapa upya vitabu vya biolojia waanzie hapo.